Mpenyezo wa Nne

Zahran bin Muhanna hakuwa na punda. Hakuwa na meno mawili ya chini, ya mbele, ambayo yalimtoka kwa tabia yake ya kung'ata kamba akiivuta. Hakuwa na redio, wala saa, wala vidole vinavyokunjika asubuhi kabla ya kuota moto. Hakuwa na mtu wa kumrithisha kisu chake cha kukatia makuti, kwa kuwa mwanawe wa pekee alikuwa bandarini Matrah akivuta kamba za meli. Hakuwa na mitende yake ila mitatu, na mmoja katika hiyo ulikuwa dume. Na tangu jana jioni, kwa maneno ya Sheikh Thuwaini, hakuwa na habuli, ule mkanda wa kukwelea mitende. Katika upungufu wote huo, alioukubali mbele ya watu ni ule wa punda tu.

Habuli alikuwa nayo, lakini Sheikh Thuwaini, wakili wa mali ya msikiti, alikataa kuiita kwa jina hilo. Aliinyanyua kwa vidole viwili mbele ya wanaume wote wa sebule ya kijiji, kama mtu aliyeokota panya kisimani.

"Hii ndiyo unayokwelea mitende ya msikiti?"

"Ndiyo," alisema Zahran. "Na ndiyo iliyoshusha hiyo tende iliyomo mdomoni mwako."

Sheikh akaitoa kokwa, akaiweka sahanini taratibu. "Tende ni tamu, Bin Muhanna. Kamba ni mbovu. Mimi nazungumzia kamba."

Mkanda wenyewe ulikuwa wa kawaida: utepe mpana wa mgongoni, uliosukwa kwa vilifu, ile nguo ya kahawia iotayo mashinani mwa makuti, na kamba inayotoka ubavu mmoja, kuuzunguka mtende, na kurudi kunasa kwenye kijiti ubavu wa pili. Mkwezi huegemea nyuma, miguu yake kwenye magutu ya makuti ya zamani, akairusha kamba juu, akapanda hatua, akairusha tena. Uhai wake wote umo pale kamba inapoungana na utepe. Habuli ya Zahran ilikuwa imeungwa ikaungwa tena, hata hakuna aliyejua ni kipande kipi kilichokuwa cha kwanza.

"Usiibane sana, Sheikh," alisema Nabhan, jirani yake Zahran, aliyekuwa amekaa karibu na birika la kahawa. "Ikikufia mkononi utatozwa fidia."

Watu wakacheka. Zahran naye akacheka, wa mwisho, kidogo tu, kwa heshima ya mahali.

"Mwaka jana kijiji cha pili mtu kaanguka," alisema Sheikh. "Mpaka leo yuko kwenye mkeka, analishwa. Sitaki kumbeba mtu kwa ajili ya tende za futari. Alhamisi njoo na habuli mpya, umpande Bi Mkubwa nikikuona kwa macho yangu. Kama huna, makarara ya maua hayangoji mtu. Nitamwita Mbarak kutoka Izki."

Bi Mkubwa ulikuwa mtende mrefu kuliko yote ya msikiti, na ulipewa jina hilo kwa sababu ulikuwa mzee, mwembamba, na haukubali kila mtu. Kwa kila mtende aliouhudumia, Zahran alipewa kole moja la tende, kishada kizima, wakati wa mavuno. Makole hayo ndiyo yaliyokuwa chakula cha nyumba yake, na kahawa yake, na sukari ya mkewe. Zaidi ya hayo, ndiyo yaliyompa haki ya kukaa pale sebuleni karibu na birika, badala ya mlangoni penye viatu.

"Alhamisi," alisema Zahran, akaichukua habuli yake na kuikunja kwa upole, kama anayeiomba radhi.

* * *

Mkewe, Shinuna, alimkuta asubuhi ameketi uani kati ya chungu ya vilifu vilivyorowekwa. Alikuwa akisokota. Shinuna mwenyewe alikaa na ubao mapajani, akirudia herufi za darsa la jioni, lile walilofunguliwa wanawake katika skuli mpya. Aliandika herufi, akafuta, akaandika, na kila alipoinua macho aliiona kamba ya mumewe iko palepale.

Ilipofika adhuhuri kamba ilikuwa na urefu wa mkia wa mbuzi. Zahran aliweka mikono yake ndani ya maji ya moto, akafumba macho.

"Si haba," alisema Shinuna. "Ukiendelea hivi, ikifika Alhamisi utaweza kukwelea kitunguu."

"Vilifu vya mwaka huu vibaya."

"Ndiyo. Vimezeeka vidole." Akaweka ubao chini. "Baba Hilal, kamba iko sandukuni."

"Kamba gani?"

"Aliyotuma mwanao."

"Sijaona kamba sandukuni. Nimeona kitu cha buluu."

Kitu cha buluu kilikuwa nailoni nene, ya nyuzi tatu, iliyokuja wakati wa Idi pamoja na kopo la maziwa na ujumbe. Dereva wa pikapu aliuleta ujumbe ule kwa kichwa, na Shinuna alikuwa ameshaufikisha mara mbili. Sasa aliufikisha tena.

"Hilal alisema, hii inafaa kwa habuli, lakini baba asiiunge mpaka nije mwenyewe."

"Mimi nilianza kuunga kamba kabla baba yake hajazaliwa."

"Baba yake ni wewe."

Zahran alifikiri. "Ndivyo ninavyosema," alisema, akaendelea kusokota.

Yalikuwa ni mambo ya zamani kati yake na Hilal, na hayakuhitaji kusemwa upya. Kijana alisema mtende haulipi. Mzee akasema bandari haina kivuli. Tangu hapo walizungumza kupitia madereva.

Lakini jioni, Shinuna alipojifunika shela lake akaenda darsani, Zahran alifungua sanduku. Aliivuta ile kamba, akaipima kwa mikono, akaikunja, akainusa. Ilikuwa nyepesi. Ilikuwa na nguvu, hilo hakuweza kulikana hata akiwa peke yake. Aliifumua ncha, akazitenganisha nyuzi zake tatu, akaipitisha katika tundu la utepe wa mgongoni wa akiba, aliousuka zamani, na kuirudisha kwenye mwili wa kamba yenyewe. Kisha kwa msumari wake wa mti akafungua njia na kupenyeza kila uzi chini ya mwenziwe. Mara ya kwanza. Mara ya pili. Mara ya tatu. Akakata zilizobaki.

Tatu ndiyo hesabu aliyoachiwa na baba yake. Mtu akitawadha huosha uso mara tatu na mikono mara tatu, na anayeosha mara ya nne ana wasiwasi wa shetani na anamwaga maji ya watu. Kamba nayo, alisema marehemu, ipenyezwe tatu. Ya nne ni israfu. Zahran hakupata kuona sababu ya kuiongeza. Kwa vilifu, ambavyo vina manyoya na hushikana kama ndugu wa shamba moja, tatu zilitosha siku zote. Hii ya buluu iliteleza kwa ulaini, ikaingia haraka alipoielekeza, naye akauchukulia ulaini huo kuwa ni adabu.

Alijaribu. Aliifunga kwenye nguzo ya mlango, akaegemea kwa uzito wake wote. Ikashika.

Kilichobaki ni rangi. Watu wa sebule wangeiona buluu ile, wangejua imetoka wapi, na Nabhan angekuwa na maneno ya kumtosha mpaka mavuno. Basi Zahran alichukua kile kikamba chake cha mkia wa mbuzi, na vilifu vyote alivyoviroweka, akaizungushia nailoni toka mwanzo hadi mwisho, akakaza, akapaka matope. Vipande alivyovikata akavitupa motoni.

Shinuna aliporudi alisimama mlangoni, akanusa. Alitazama jiko. Alitazama habuli iliyotundikwa ukutani.

"Imenenepa," alisema.

"Ni mpya."

"Naona. Na ile ya zamani?"

"Ifanyie utakavyo."

Akaichukua, akaenda kumfungia ng'ombe.

* * *

Alhamisi asubuhi Sheikh Thuwaini aliiminya habuli mpya kwa dole gumba, akaivuta, akaridhika.

"Umesokota mwenyewe?"

"Kwa mikono hii," alisema Zahran. Juu ya vilifu hakudanganya.

Alijifunga, akachomeka maua ya mtende dume kwenye mkoba kifuani, akaning'iniza kiunoni ile kamba nyembamba ndefu ya kushushia makole, akasema bismillahi. Alipanda vizuri. Wote waliokuwapo walikiri baadaye kwamba alipanda vizuri, na Zahran mwenyewe, kila alipoirusha kamba na kuegemea, aliona kama miaka inamdondoka miguuni. Alipofika kileleni alitoa kichwa kati ya makuti.

"Umeridhika, Sheikh?"

"Mashallah. Kazi ni yako. Mimi nakwenda kwenye zamu za maji, tutaonana adhuhuri."

Wakatawanyika. Zahran akafanya kazi yake kwa raha. Alipasua makarara yaliyokwisha kukomaa, akachomeka vijiti vya maua ya dume kati ya vishada, akavifunga kwa ukuti ili upepo usivitoe. Aliimba kidogo, bila sauti. Mwisho akafuta kisu, akaegemea nyuma ili aanze kushuka.

Akashuka kidogo kabla ya kushuka.

Ulikuwa upana wa kidole, si zaidi. Akageuza shingo kutazama ubavuni. Vilifu vilikuwa vimepasuka pale kwenye maungo, na nyuzi tatu za buluu zilikuwa zinachungulia kama panya watatu mlangoni. Alijaribu tena, kwa hila, kwa uzito wa mtoto. Panya mmoja akarudi ndani, na hakuonekana tena.

Zahran aliachia pumzi polepole. Akajivuta mbele, akaingia katikati ya makuti, akakaa kwenye kilele cha Bi Mkubwa na kuukumbatia mti kwa mikono yote miwili. Hapo alikuwa salama. Angeweza kukaa mpaka tende ziive.

* * *

Wa kwanza kupita alikuwa Nabhan, juu ya punda wake.

Watu wa upande ule wana utaratibu wao wa kuulizana habari, na hakuna aliyelelewa vizuri anayeuvunja. Aulizwaye hujibu kwamba hakuna jipya, hata kama amezika asubuhi hiyo. Ataulizwa tena, na tena, naye atajibu vilevile. Habari yenyewe hutolewa baadaye, watu wakishakaa na kunywa kahawa. Na kahawa haipandi mtende.

"Salam aleikum, Bin Muhanna."

"Aleikum salam, Nabhan. Umeamkaje?"

"Salama. Habari gani za huko juu?"

"Hakuna jipya. Za huko chini?"

"Hakuna jipya. Hapana tukio?"

"Hapana tukio, alhamdulillahi."

"Wala la kusikika?"

"Hapana ila kheri."

Nabhan alimtazama kwa mkono kwenye paji la uso. "Umekaa vizuri."

"Napumzika."

"Zamani ulikuwa hupumziki juu ya mti."

"Upepo mzuri leo."

"Haya. Punda anakusalimu." Akampiga punda kisigino, wakaenda zao.

Zahran alifungua kinywa amwite. Lakini angemwita vipi? Ameshasema mara tatu, kwa ulimi wake, kwamba hakuna jipya. Amwite amwambie lipo? Na amwambie nani, Nabhan? Akafunga kinywa.

Baadaye walipita wageni wawili wanaokwenda Bahla, watu wa adabu sana. Walisimama, wakavua viatu kana kwamba wameingia nyumbani kwake, wakamuuliza habari. Hakuna jipya, aliwajibu. Wakauliza tukio. Hapana. Wakauliza mvua, bei ya mbuzi, afya ya wazee wa kijiji. Zote kheri. Wakamwombea baraka katika kazi yake, wakavaa viatu. Jua lilikuwa limeanza kupanda juu ya kofia yake, na miiba ya makuti ilikuwa imeanza kumjua kwa jina.

Ndipo alipokuja Shinuna, na birika mkono mmoja na sahani ya tende mkono wa pili.

Yeye hakuuliza habari. Mke haulizi habari, anazo.

"Shuka, kahawa inapoa."

"Iache hapo."

"Juu ya jiwe?"

"Iache tu, Mama Hilal."

Shinuna alikuwa ameishi na mtu huyu muda wa kutosha kujua kwamba hajawahi kuiacha kahawa juu ya jiwe. Akainua uso, akakinga jua.

"Mbona umemkumbatia Bi Mkubwa kama uliyeoa jana?"

Makuti yalichakarika.

"Baba Hilal. Ana mume huyo. Atakukuta."

"Ile habuli ya zamani," ilisema sauti kutoka kwenye makuti, "uliiweka wapi?"

Basi akajua. Akaliweka birika chini. Hakusema kwamba alimwambia, ingawa alikuwa amemwambia, na mara tatu.

"Kafungiwa ng'ombe."

"Ilete."

"Na ng'ombe?"

"Ng'ombe hana mti wa kushuka."

Alikwenda mbio, kwa kadiri mwanamke wa rika lake anavyoruhusiwa kukimbia mchana. Alirudi na habuli begani na ng'ombe nyuma yake, maana ng'ombe alipofunguliwa aliona kwamba kamba yake inakwenda mahali naye akaifuata. Zahran aliteremsha ile kamba nyembamba ya makole. Shinuna akafunga habuli ya zamani, akaivuta kamba mara moja kumpa ishara, na ile habuli iliyodharauliwa ikapanda juu taratibu, ikizunguka hewani. Mzee akajifunga. Ile mpya akaiteremsha kwa kamba ileile, ikatua miguuni pa mkewe.

"Shuka polepole," alisema Shinuna. Sauti yake haikuwa na mzaha ndani yake hata kidogo.

"Sina haraka."

Ile ya zamani ililia kila hatua. Ililia kama mlango, ililia kama kikongwe anayeinuka. Zahran alikuwa katikati ya mtende muadhini alipoanza kuadhini, na alikuwa bado hajafika chini watu walipoanza kuja na nyuso zao za udhu: Sheikh Thuwaini mbele, Nabhan nyuma yake, na wengine. Walimkuta Shinuna amesimama, birika juu ya jiwe, ng'ombe akila majani ya shamba la msikiti, na mkwezi wao akishuka na habuli iliyokwisha kukatazwa.

Nabhan aliinama akaiokota ile mpya. Akachambua vilifu palipopasuka, akachambua zaidi. Buluu ikatoka.

"Jamani," alisema. "Hii kamba imevalishwa kanzu."

Miguu ya Zahran ikagusa ardhi.

"Bin Muhanna," alisema Sheikh Thuwaini, "kuna nini?"

"Hakuna jipya, Sheikh."

Hata waliokuwa wamefunga midomo kwa sababu ya sala hawakuweza kujizuia. Kicheko kilikwenda mpaka ukutani kikarudi. Nabhan peke yake hakucheka. Uso wake ulikuwa umebadilika, ameshika maungo yaliyofumuka, anayatazama.

"Nilipita hapa," alisema. "Nilikuuliza mara tatu."

"Nami nilikujibu."

"Ungekufa juu, nami chini napiga punda."

"Ulitaka nikujibu nini? Hukuwa na kahawa."

Sheikh aliichukua kamba, akauvuta uzi uliobaki. Ulitoka mzima, bila kugoma, kama unaoaga.

"Ulipenyeza mara ngapi?"

"Tatu," alisema Zahran. "Kama alivyonifunza marehemu. Kama udhu."

"Udhu ni wa mwili wa mwanadamu. Nailoni haijasilimu." Sheikh hakusema kwa ukali. "Nani anajua hii inapenyezwa mara ngapi?"

Watu walitazama miguu yao, kisha mmojammoja wakamtazama Shinuna, ambaye alitazama ng'ombe.

"Watu wa bandarini," alisema Zahran mwishowe.

"Basi sikiliza. Kamba ni nzuri, naiona. Aliyeiunga ndiye hakuijua. Mitende ya mapema nampa Mbarak, siwezi kuichelewesha. Bi Mkubwa umeshamaliza, kole lake ni lako. Ile ya aina ya Khasabu, ambayo bado haijapasua karara, itakungoja. Ukija na kamba hii imeungwa na anayeijua, panda. Usipokuja nayo, hata hiyo nampa Mbarak, na sitaki kukuona tena na huyo mzee kiunoni." Alielekeza kidole kwenye habuli ya zamani. "Mrudishieni ng'ombe kamba yake kabla hajamaliza majani ya wakfu."

Wakaingia kusali. Zahran alisimama safu ya nyuma, karibu na viatu.

* * *

Barua za kijiji huandikwa na mwalimu wa skuli. Lakini mwalimu ni mpwa wa Nabhan, na kwa siku moja Zahran aliona Nabhan ameshapata ya kumtosha. Akakaa uani, akamtazama mkewe, akatazama ubao wake.

"Hizo herufi zenu," alisema. "Zimefika wapi?"

"Zimefika pazuri. Kwa nini?"

"Nauliza tu."

Shinuna aliinuka akaleta karatasi, kalamu na bahasha, vitu ambavyo ilionekana alikuwa ameviweka tayari tangu adhuhuri. Akakunja miguu, akaandika bismillahi juu, pole pole, ulimi ukichungulia pembeni mwa mdomo.

"Sema."

"Andika: Kwa mwanangu Hilal bin Zahran, Mungu amhifadhi na bahari na watu wabaya na wapishi wa bandarini, baada ya salamu nyingi zisizo na idadi wala kipimo..."

"Kwa mwanangu Hilal," alisema Shinuna, akiandika. "Salamu."

"Na nyingine?"

"Mkono umechoka. Endelea."

"Andika: Hakuna jipya."

Akaandika.

"Andika tena: Hakuna tukio."

Akaandika.

"Andika: Hapana la kusikika ila kheri."

Akaandika hiyo pia, akangoja na kalamu juu ya karatasi. Ng'ombe alitafuna nyuma ya ukuta. Zahran alikuna goti, akatazama vidole vyake, akavikunja kwa kadiri vilivyokubali.

"Kamba yako," alisema.

"'Kamba yako.'"

"Ni ndefu."

Shinuna alimtazama juu ya karatasi.

"Usiandike hiyo. Andika: Kamba yako niliiunga. Ikafunguka." Akavikunjua vidole. "Nilikuwa juu."

Kalamu ilikwenda, ikasimama, ikakwenda. Shinuna aliandika maneno hayo kwa muda mrefu kuliko yote, na alipomaliza aliufuta uso wake kwa pembe ya shela, akasema moshi.

"Jiko limezimwa," alisema Zahran.

"Moshi wa jana. Sema nyingine."

"Sema Sheikh anangoja mpaka Khasabu ipasue karara. Sema aje aniambie." Akafikiri. "Aje anionyeshe. Watu wa bandarini wanapenyeza mara ngapi."

"Na lile neno la radhi?"

"Neno gani?"

"Unalijua."

Zahran alitazama ukutani, pale habuli ilipoanikwa, buluu yake yote nje, bila aibu. "Mmeshalifika darsani?"

"Bado," alisema Shinuna, na hakuna aliyejua kama ni kweli. "Lina herufi ngumu."

"Basi liache."

"Nitaliachia nafasi. Hivi, upana wa neno. Hilal mwenyewe atalijaza."

Alimwonyesha. Katika mstari wa mwisho palikuwa na mahali peupe, na baada yake: baba yako. Zahran aliipokea karatasi, akaigeuza kama anayesoma, akatazama peupe pale kwa muda. Hakuamrisha pafutwe.

Gundi ya bahasha ilikuwa imekauka sandukuni. Alichukua tende moja laini, akatoa kokwa, akaipaka ukingoni, akakunja. Akaibana kwa dole gumba, mara moja, mara ya pili, mara ya tatu. Aliinua mkono. Mkewe alikuwa anamtazama. Zahran akaurudisha mkono, akaibana mara ya nne, kwa nguvu, akaishikilia hapo mpaka kidole kikauma.

Dereva wa pikapu ya Matrah alikuwa ameshawasha gari penye mti wa barabarani alipomwona mzee anakuja kwa haraka bila kofia.

"Salam aleikum, baba. Habari gani za nyumbani?"

Zahran alifungua kinywa kwa jibu lililozoea kutoka lenyewe. Akakifunga. Akapitisha bahasha dirishani, ikinata bado, akamshikisha mkononi.

"Zimo humo," alisema. "Usichelewe nazo."